Jumla Sahihi, Wakulima Wamepunjwa

*Babu, mimi ni karani wa kikundi cha wakulima wa maharage hapa Kibondo. Nilijifunza Python mwenyewe, kwa simu na kompyuta ya kaka yangu, nikaandika programu ndogo ya kuandaa malipo. Tulipoijaribu kwa wiki moja ilikwenda vizuri. Halafu mnunuzi akachelewesha fedha, ikabidi tulipe wiki mbili kwa mpigo. Nikajumlisha kilo za wiki zote mbili, jumla ikalingana na ya mizani, nikatoa karatasi, mweka hazina akalipa. Sasa kuna fedha zimebaki sandukuni na wanachama wananung'unika. Mwenyekiti anasema nirudi kwenye daftari. Kaka anasema nirekebishe kimyakimya, waliopungukiwa niwaongezee malipo yajayo. Nimeambatanisha karatasi na sehemu ya programu. Babu, imekosea kompyuta au nimekosea mimi? Na nifanye nini kabla sijaitwa mwizi?*

*E.N., Kibondo*

Mjukuu wangu E.N., barua yako nimeisoma, na karatasi zako nimezipitia kwa penseli mstari kwa mstari. Kwanza tulia. Mwizi hajipelekei ushahidi wake mwenyewe kwa mtu asiyemjua. Wewe umetuma sehemu ya programu, orodha ya kilo na kiasi cha fedha zilizobaki, na hayo yananitosha kujua kwamba moyo wako uko mahali pake. Kosa lipo, na nitakuonyesha mstari lilipojificha. Ila nikikuonyesha, kuna jambo nitakutaka ulifanye wiki hii hii, na sidhani kama utalipenda.

Lilipojificha

Nachukua wanachama watatu wa juu kwenye karatasi yako, na majina yao nayaacha. Wiki ya kwanza walileta kilo 240, 115 na 60. Wiki ya pili wakaleta 80, sifuri na 150. Wewe ukaandika hivi:

wiki1 = [240, 115, 60]
wiki2 = [80, 0, 150]
kilo = wiki1 + wiki2

Ulitarajia upate 320, 115 na 210. Python ilikupa [240, 115, 60, 80, 0, 150]. Haikujumlisha kilo za mtu na za mtu yule yule. Iliunga mkia wa orodha ya kwanza na kichwa cha orodha ya pili, ukawa na namba sita kwa watu watatu.

Kisha ukatumia zip kuoanisha majina na kilo. Sasa zip ina tabia yake: orodha fupi ikiisha, nayo husimama bila kuaga. Majina yalikuwa matatu, ikachukua namba tatu za mwanzo, zile za wiki ya kwanza, na wiki ya pili yote ikaachwa nje ya mlango. Kwa bei yenu ya shilingi 1,800 kwa kilo, karatasi ikawaandikia watu hao 432,000, 207,000 na 108,000. Walistahili 576,000, 207,000 na 378,000.

Chini ya karatasi, lakini, uliandika jumla kwa sum(kilo). Na sum haijali namba ni ya nani. Ilijumlisha zote sita ikapata kilo 645, ambazo ndizo hasa zilizopita kwenye mizani. Mara 1,800 ni shilingi 1,161,000. Mweka hazina akachukua fedha hizo, akalipa mstari kwa mstari shilingi 747,000, na kwa watu hawa watatu tu akabaki na 414,000 asizojua ni za nani. Yule wa pili hakunung'unika kwa sababu wiki ya pili hakuleta hata punje. Malipo yake yalitoka sahihi kwa bahati. Wa tatu amekosa 270,000. Huyo ndiye mwenye haki ya kupaza sauti kuliko wote.

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu makarani wengi, wa kalamu na wa kompyuta, huanguka hapa hapa. Uliitazama jumla, ukaiona imelingana na mizani, ukaridhika. Ukiunganisha orodha mbili, jumla yake ni ile ile ambayo ungeipata kwa kumjumlishia kila mtu za kwake. Jumla ya chini haiwezi kukufichulia kosa la aina hii, hata ungeikagua mara mia. Kikundi kinaweza kusawazika hadi shilingi ya mwisho huku wakulima wake wamepunjwa.

Alama moja, kazi mbili

Umeniuliza kama imekosea kompyuta. Hapana. Imefanya ulichoiambia, kwa maana yake yenyewe. Guido van Rossum alipoitoa Python mwaka 1991, orodha hakuitengenezea kilo peke yake. Orodha ya Python hubeba chochote: majina ya vijiji, namba za simu, hata orodha nyingine ndani yake. Huwezi kujumlisha Kasulu na Kakonko ukapata mji wa tatu. Unaweza tu kuyaandika majina hayo kwa kufuatana. Ndiyo maana alama ya kujumlisha, ikikaa kati ya orodha mbili, huziunganisha.

Ile ya kuzidisha nayo ni dada yake. Orodha ya watu watatu ukiizidisha kwa 2 inakuwa ya namba sita, zile zile zikirudiwa. Ukiizidisha kwa bei, yaani 1,800, utapata namba 5,400: kilo zile zile tatu zimenakiliwa mara 1,800. Na ukiijumlisha orodha hiyo ndefu utapata 747,000, ambayo ni jumla sahihi kabisa ya wiki ya kwanza. Unaona tena jinsi jumla inavyofunika?

Umetaja kwenye karatasi zako, kwa kupita tu, kwamba mwanzoni uliandika kilo * 0.97 ili kukata asilimia tatu za unyevu na takataka, Python ikagoma, ukadhani haipendi desimali. (Nashukuru wanachama waliikataa kato hiyo, sijaona bado kato ya unyevu iliyowahi kupungua wakati wa kiangazi.) Kugoma kule, mjukuu wangu, ndiko kulikokuwa onyo la kwanza. Python ilikuwa inakwambia: naweza kurudia orodha mara mbili au mara tatu, siwezi kuirudia mara sifuri nukta tisa saba. Ungejiuliza siku ile kwa nini imeziita kilo zako mfuatano (sequence), leo usingekuwa unaniandikia. Programu ikigoma, soma maneno yake yote kabla hujatafuta njia ya kuzunguka.

Ulichokihitaji wewe ulikisoma Kidato cha Nne kwa jina la vekta, labda ukidhani ni mishale ya kuchora tu. Vekta ni namba kadhaa zilizokaa kwa mpangilio, kila moja na nafasi yake. Kuzijumlisha mbili ni kujumlisha nafasi kwa nafasi. Kuizidisha kwa namba moja ni kuzidisha kila nafasi kwa namba ile. Wewe umeishi jirani na kambi ya wakimbizi ya Nduta, kwa hiyo mfano huu unaujua. Familia ya watu watano ilipokwenda kuchukua mgao, ilipewa wa mtu mmoja mara tano: unga mara tano, maharage mara tano, mafuta mara tano, kila kitu mahali pake. Na mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliposhusha mgao wa Nduta na wa kambi ya Nyarugusu hadi asilimia 50, mama wa pale hakuhitaji mwalimu wa kumweleza maana ya kuzidisha kapu zima kwa nusu. Orodha ya Python ingeikabidhi familia ile ya watu watano karatasi tano za mtu mmoja zilizogundishwa.

Kazi yako ya kila malipo ni bei mara kilo, kisha ongeza deni la nyuma. Nakwambia hili ili usijione mdogo: hesabu hiyo hiyo ina jina kubwa duniani. Mwaka 1979 Lawson, Hanson, Kincaid na Krogh walichapisha mkusanyo wa hesabu za msingi za vekta uitwao BLAS, na mojawapo ni axpy: namba moja mara vekta moja, jumlisha vekta nyingine. Kompyuta za utabiri wa hali ya hewa zinaifanya mchana na usiku. Karani wa maharage wa Kibondo anaifanya siku ya malipo.

Njia ulizonazo

Mwenyekiti anasema urudi kwenye daftari. Usimdharau. Daftari la mistari lina kila mtu na mstari wake, na mtu hatoroki mstari wake. Kosa ulilofanya lisingewezekana kwenye daftari. Lakini daftari nalo lina makosa yake ya uchovu, hasa msimu unapochanganya na mizani haipumziki tangu asubuhi. Ushauri wangu ni uendelee na vyote viwili hadi msimu uishe: daftari liwe shahidi, programu iwe msaidizi. Shahidi na msaidizi wakipishana, hakuna malipo mpaka wakubaliane.

Kuhusu programu yenyewe, njia rahisi ni kuiambia Python wazi kwamba unataka mtu kwa mtu:

kilo = [a + b for a, b in zip(wiki1, wiki2, strict=True)]
malipo = [1800 * k for k in kilo]

Hilo neno strict=True usiliache. Liliongezwa katika Python 3.10, mwaka 2021, na kazi yake ni kuikataza zip kusimama kimya. Orodha zikipishana urefu, programu inakatika hapo hapo na kukwambia. Kama ungekuwa nalo kwenye ule mstari wa majina, karatasi isingekamilika. Kama kompyuta ya kaka yako ina Python ya zamani kuliko hiyo, andika mstari mmoja wa kuhakiki kwamba len(wiki1) na len(wiki2) ni sawa na len(majina), na programu ikatae kuendelea visipolingana.

Njia ya pili ni NumPy, ambayo Travis Oliphant aliitoa mwaka 2006 kwa toleo la 1.0. Ukiigeuza orodha kuwa safu ya NumPy, alama zinarudi kwenye maana uliyoizoea darasani: wiki1 + wiki2 inajumlisha nafasi kwa nafasi, kilo * 1800 inazidisha kila mtu, na hata 0.97 inakubalika. Ni nzuri, na siku ukiwa na wanachama elfu utaona wepesi wake. Wengine watakusifia R, lugha iliyoanzia Chuo Kikuu cha Auckland mikononi mwa Ross Ihaka na Robert Gentleman, ambayo tangu mwanzo huichukulia namba kama vekta.

Ila kila nyumba ina mlango wake wa siri. NumPy ikikutana na safu ya watu watatu na safu yenye namba moja, huitandaza ile moja kwa wote bila kuuliza. Ukisahau wiki ya pili ikabaki na [80] peke yake, kila mwanachama ataongezewa kilo 80, na siku hiyo sanduku ndilo litakalolia. R huenda mbali zaidi: vekta fupi huirudia toka mwanzo mpaka itoshe, na kama urefu wa ile ndefu unagawanyika sawasawa kwa ile fupi, haitoi hata onyo. Kwa hiyo usihame lugha ukidhani umehama tatizo. Kwa wanachama mlio nao, ile mistari miwili mifupi ya Python ya kawaida inakutosha.

Na kitu kimoja kidogo: usiandike deni = wiki1 ukadhani umepata nakala. Umepata jina la pili la orodha ile ile, na ukiibadilisha kupitia jina moja, imebadilika kwenye yote mawili. Nakala ni wiki1.copy().

Hatari kubwa kuliko alama

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na linaniogopesha kuliko lile uliloniuliza. Nimeona kwenye karatasi zako kwamba majina umeyapanga kwa alfabeti. Tuseme wiki ijayo anajiunga mwanachama mpya ambaye jina lake linaanza na B. Utampachika katikati ya orodha ya wiki ya tatu, na walio chini yake wote watashuka nafasi moja. Ukijumlisha wiki ya pili na ya tatu, kilo za mmoja zitaingia kwa jirani yake, kuanzia kwa huyo mpya hadi mwisho wa karatasi. Ukimpa naye sifuri kwenye wiki za nyuma, lakini ukaiweka mwishoni, urefu utalingana, strict=True haitasema kitu, na jumla itakuwa sahihi.

Vekta haijui majina. Inajua nafasi. Kujumlisha vekta mbili kuna maana pale tu ambapo nafasi ya saba huku ni mtu yule yule wa nafasi ya saba kule. Kwa hiyo acha kuwatambua watu kwa foleni. Mpe kila mwanachama namba ya uanachama isiyobadilika na isiyopewa mwingine hata akifariki, kisha kilo zake zitunzwe chini ya namba hiyo. Python ina kamusi, dict, kwa kazi hiyo. Ukijumlisha, jumlisha kwa namba ya mwanachama. Asiyeleta kitu wiki hiyo aandikiwe sifuri, wala asirukwe. Sifuri ni habari. Nafasi tupu ni mtego.

Na bei ikibadilika kati ya wiki na wiki, kama ilivyo kawaida ya maharage, zidisha kwanza ndipo ujumlishe: 1,800 mara kilo za wiki ya kwanza, 1,900 mara za wiki ya pili, kisha mtu kwa mtu. Ukizichanganya kilo kabla ya bei, hutaweza tena kuzitenganisha.

Fedha za watu

Hapa naacha upole kidogo.

Ushauri wa kaka yako wa kurekebisha kimyakimya usiufuate. Najua anakupenda. Lakini fikiria safari yake. Malipo yajayo yule wa tatu anapata 270,000 za ziada bila maelezo; anamwonyesha jirani; jirani naye anataka kujua zake ziko wapi; mweka hazina, ambaye hajui lolote, anaulizwa mbele ya mkutano fedha hizo zimetoka mfuko gani. Hapo utakuwa umemgeuza mwenzako kuwa mtuhumiwa kwa kosa la mstari mmoja wa programu. Kosa la hesabu husameheka siku ile ile linapotajwa. Likifichwa, linabadilisha jina, na jina jipya ni lile unaloliogopa. Mficha uchi hazai.

Kumbuka pia unazungumza na watu gani. Hawa wamewahi kuuza kwa lumbesa, gunia limeota kichwa na bado linalipwa kama gunia moja. Waliingia kwenye kikundi ili wapimiwe kwa mizani na walipwe kwa kilo. Wakishuku kwamba mizani ni sahihi lakini kompyuta inakula, watarudi kwa wachuuzi wa barabarani, na kikundi kitakufa bila mtu yeyote kuiba senti.

Basi fanya hivi. Leo andaa karatasi yenye safu nne kwa kila mwanachama: kilo za wiki ya kwanza, kilo za wiki ya pili, alicholipwa, anachodai. Ihakiki kwa mlalo, mtu mmoja mmoja, ukitumia daftari la mizani na kalamu, bila kompyuta. Kisha jumlisha safu ya madai na uilinganishe na fedha zilizoko sandukuni. Hapo ndipo jumla ina kazi ya kufanya. Zisipolingana, kuna kosa jingine na usitoke nyumbani mpaka ulipate.

Mpelekee mwenyekiti na mweka hazina pamoja, wasisikie kwa nyakati tofauti. Waambie: programu yangu iliunganisha wiki mbili badala ya kumjumlishia kila mtu, hizi hapa fedha, hawa hapa wenyewe. Usiseme kompyuta ilikosea. Ombeni kikao, jambo liandikwe kwenye muhtasari, na kila anayelipwa atie sahihi au dole gumba kwenye mstari wake. Anayelipwa kwa simu, ujumbe wa muamala uhifadhiwe. Kama kikundi chenu kimesajiliwa kama AMCOS, yaani chama cha ushirika wa kilimo na masoko, mko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na afisa ushirika wa wilaya aambiwe na ninyi kabla hajaambiwa na wengine. Mkaguzi akikuta kosa lenye muhtasari, madai na sahihi, ataandika kwamba lilirekebishwa. Akikuta fedha sandukuni zisizo na mwenyewe, ataandika kitu kingine.

Huenda wakakuvua kazi ya programu kwa muda. Kubali. Endelea kuandika daftari, na programu iende sambamba kwa malipo kadhaa, ikikaguliwa na mtu ambaye si wewe. Anayefaa zaidi ni yule wa tatu. Mpe karatasi kabla haijaenda kwa mweka hazina, atafute mstari wake na wa jirani zake wawili. Mtu aliyekwisha kukosa 270,000 husoma karatasi kwa makini kuliko mkaguzi yeyote.

Mlipe huyo kwanza. Ukishamaliza kuwalipa wote niandikie tena, na safari hiyo uambatanishe programu nzima, maana sehemu uliyonitumia inaishia kwenye jumla, na ningependa kuona kinachofuata.